Barua kwa Mundhir, Pamoja na Ufunguo

Mundhir,
ufunguo huu hukwama. Vuta mlango kwako kwanza, ndipo uzungushe.
Soma polepole. Kiswahili chako ni cha bibi yako,
changu cha Pangani;
mrehani unavielewa vyote viwili.

Wageni wa Al Khuwair hudhani adui wa mmea ni jua.
Jua liko nje, digrii arobaini na sita,
linabisha hodi kiooni na haliingii.
Adui ni ubaridi huu tunaoulipia kila mwezi:
kiyoyozi hunyonya unyevu wa hewa mpaka wa mwisho,
na penye ukavu ndipo utitiri hufunga harusi.

Hutawaona. Kutoonekana ndiyo kazi yao.
Waliolipa jina hili walijua walichofanya:
utitiri ni mdudu asiyefika ncha ya sindano,
utitiri ni wingi usiohesabika,
neno lilelile,
maana kutoka mmoja hadi wingi
ni siku chache tu za joto.

Basi kila Jumamosi, ukishatoka mpirani na kunawa
(kunawa, Mundhir),
chukua kile kipande cha kanga kilicho kitini,
kiloweshe, kikamue, upanguse majani
juu, kisha chini.
Chini zaidi kuliko juu.
Juu ya jani ni sebule ya kupokelea wageni,
chini yake ndiko watu wanakoishi.

Maji yako roshani, kwenye ndoo chini ya bomba la kiyoyozi.
Alichoiba kwa pumzi anakirudisha kwa matone.
Nawe warudishie wenyewe.

Halafu karatasi nyeupe.
Iweke chini ya tawi, uligonge tawi kwa kidole, taratibu,
kama unayemwamsha mtu asiyependa kuamshwa.
Vitadondoka vitone. Usiseme ni vumbi.
Hesabu mpaka ishirini.
Vumbi la Maskati tunalijua sote, na halitembei.

Kimoja kikitembea, usinipigie simu.
Chungu kile kipeleke bafuni peke yake,
ukioshe kwa maji na sabuni ya vyombo,
matone mawili kwa lita, si matatu.
Rudia siku ya nne, na ya nane:
mayai hayasikii sabuni.

Bibi yako akileta tena waridi kutoka Barka
lilaze ukumbini, mbali na wenzake.
Atanuna. Atasema mgeni siku mbili.
Mwambie mgeni mwenye majani ni siku kumi na nne,
na jembe hapewi.
Mwambie pia, mdharau mwiba guu huota tende,
naye atacheka, kwa kuwa kwenu tende huota juu ya mti
na hakuna anayezidharau.

Ule mrehani wa dirishani ni wa mbegu za mama.
Alizifunga kwenye pembe ya leso, fundo mbili,
nikazipitisha uwanja wa ndege kifuani.

Kabla ya Ramadhani sauti yake ilianza kukauka.
Nikasema ni mtandao.
Ndani ya Ramadhani alichoka kupanda ngazi za kibarazani,
ngazi tatu.
Nikasema ni saumu.
Sikuweka karatasi nyeupe chini ya sauti ile.
Sikuhesabu hata kumi.

Nitarudi baada ya arobaini.

Kiyoyozi kiache ishirini na sita, usikizime,
nawe usijifanye umekuja kusoma huku umefuata baridi.
Juisi ya embe iko kwenye friji. Ni yako.

Na siku utakayosahau yote haya,
kitambaa, karatasi, matone mawili,
pita dirishani, ubane jani moja, unuse vidole vyako.
Harufu ikiwa ileile, niandikie neno moja tu:
Ipo.

Ukitoka, vuta mlango kwako tena.